Mwindaji Ndiye Mpagazi

Mpango wa kuwinda elki unaanzia mwisho, kwenye nyama. Dume mzima wa Milima ya Rocky hufika kilo 300 na ushei, jike kilo 220 hivi. Ukishamchuna na kumtoa mifupa, ukaacha kichwa, ngozi na matumbo, dume hukuachia nyama tupu ya kilo 100 hivi. Nyama hiyo iko mteremkoni, mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, mwishoni mwa Oktoba, wakati giza linaingia mapema na theluji inaweza kuanguka saa yoyote. Kabla ya kuuliza bunduki gani, na kabla ya kuuliza atapatikana wapi, inabidi kuuliza nani ataibeba.

Wazee wetu wa njia za misafara walilijua swali hilo vizuri. Mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora alibeba karibu frasila mbili, kilo 30 na kitu, kambi hadi kambi. Kwa kipimo hicho elki mmoja ni mizigo mitatu ya mtu aliyezoea, na minne ya mtu asiyezoea. Tuseme umempiga kilomita 3 kutoka barabarani nawe uko peke yako. Utatoka na mzigo wa kwanza, utarudi mikono mitupu, utatoka na wa pili, hivyo hivyo hadi wa nne. Ni kilomita 21, na katika hizo 12 nyama iko mgongoni. Mkiwa wawili, kila mmoja anatembea kilomita 9. Hesabu hii ndogo ndiyo iliyonichorea mipaka. Nilitandaza ramani mezani, nikatia alama kila mahali barabara inapoishia, nikapima kilomita 3 kutoka kila alama, na yote yaliyobaki nje nikayaacha, hata yale ambayo wawindaji wazoefu huyasifu.

Naishi Colorado, jimbo lenye elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, zaidi ya 280,000. Elki ni wa jamii ya ayala, jamii ambayo Afrika kusini mwa Sahara haina hata mmoja wa asili. Kwa umbo anamzidi tandala na hamfikii pofu. Pembe zake ni mfupa, huanguka kila mwaka baridi inapoelekea kwisha, kisha huota upya. Sijawahi kumwinda, na mlima niliouchagua siujui. Unaitwa Flat Tops, uko kaskazini magharibi mwa jimbo, karibu na mji mdogo wa Meeker, na sehemu yake kubwa imo katika msitu wa taifa wa White River. Nimeuchagua kwa sababu ndiko liliko kundi kubwa kuliko yote ya elki wa Colorado, na kwa sababu ni ardhi ya umma. Mwenzangu ni ndugu mmoja kutoka Bukavu, aliyekulia katika kupanda na kushuka milima ya Kivu akiwa na mzigo.

Zaidi ya hekta 95,000 za Flat Tops zililindwa mwaka 1975 chini ya sheria ya 1964, inayokataza barabara, magari na hata baiskeli. Toroli la kukokotea nyama nalo ni marufuku, maana lina magurudumu. Farasi na nyumbu wanaruhusiwa, kwa mwenye nao au mwenye fedha za kuwakodi. Sisi tuna miguu.

Ardhi ya umma ni jambo linalonigusa kila ninapolifikiri. Nilikolelewa, Tanzania, mnyama wa porini alikuwa mali ya serikali, na mtu aliyeogopwa kijijini kuliko simba alikuwa bwana nyama. Aliyekutwa na paja la swala aliitwa jangili akapelekwa mahakamani, huku vitalu vikikodishwa kwa kampuni zinazoleta watalii wa kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na marufuku hiyo ipo hadi leo. Sisemi sheria hizo zilitungwa bure. Tembo na faru walivyokuwa wakimalizwa, ilikuwa lazima pawe na ukali. Ila mtu wa kawaida wa kwetu alikua akijua kwamba pori si lake. Huku, mkazi wa jimbo aliyehitimu kozi ya usalama wa uwindaji hulipa chini ya dola 100 kwa leseni ya elki, na akishaipata anaingia msituni kwa haki ile ile aliyo nayo tajiri mwenye ranchi. Nimeipokea haki hiyo kwa mikono miwili.

Lakini haki ya kuingia mlimani na kuujua mlima ni mambo mawili. Leseni haikuambii wanyama wanalala wapi, kijito gani hukauka Septemba, wala njia ipi hufungwa na theluji usiku mmoja. Wala haikuambii mlima huu ulikuwa wa nani.

Ulikuwa wa Waute, wenyeji wa asili wa milima hii. Mkataba wa 1868 uliwaachia karibu theluthi yote ya magharibi ya Colorado. Mwaka 1879 wakala wa serikali, Nathan Meeker, aliyetaka wawindaji na wafuga farasi hao wawe wakulima, alilima malisho ya farasi wao. Ugomvi ukawa vita, akauawa yeye na wafanyakazi wake. Mwaka 1881 Waute wa White River walihamishwa kwa nguvu hadi Utah. Miaka 10 baada ya hapo, mwaka 1891, Rais Benjamin Harrison akautangaza uwanda wa juu wa mlima huu kuwa hifadhi ya msitu, ya pili katika nchi nzima. Msomaji anayekumbuka jinsi Wamaasai walivyoondolewa Serengeti mwaka 1959 hahitaji kuelezwa zaidi. Mji ambamo mwindaji hununua mafuta ya gari na soksi za akiba bado unaitwa Meeker.

Wanyama nao walikaribia kwisha. Wawindaji wa biashara waliwauzia nyama wachimba madini, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 elki wa Colorado walikuwa wachache mno. Kati ya 1912 na 1928 jimbo lilileta elki wengine kutoka Wyoming na kuwaachia milimani. Chini ya sheria ya 1937, fedha za kodi ya shirikisho kwenye bunduki ndefu na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11, hurudishwa majimboni kwa ajili ya wanyamapori. Kwa hiyo kundi nitakaloliendea halikujiotea lenyewe. Watu walijizuia, wakalipa, wakasubiri miaka mingi. Mtu anayefika leo na bunduki begani anakula matunda ya subira ya watu asiowajua, juu ya ardhi ya watu waliofukuzwa. Najua hayo yote mawili, na sioni njia ya kulisahau moja ili nifurahie jingine.

Yupo mtu mmoja anayeuunganisha mlima huu na pwani yetu. Theodore Roosevelt aliwinda puma karibu na Meeker mwanzoni mwa 1901, miezi michache kabla hajawa rais, na ni katika urais wake, mwaka 1905, ndipo Idara ya Misitu ya Marekani ilipoundwa. Aprili 1909, baada ya kutoka madarakani, aliteremka Mombasa kwa safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512. Nyuma yao walitembea mamia ya wapagazi, wakibeba mahema, chakula, ngozi mbichi na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi hizo. Jina la mpiga risasi linajulikana dunia nzima. Majina ya wabebaji wengi hayajulikani, ingawa walikuwa wakizungumza lugha hii ninayoiandika.

Jioni, ninapotia mifuko ya mchanga kwenye shanta na kupanda ngazi za jengo ninaloishi hadi mapaja yatetemeke, ninaowafikiria ni wapagazi. Mlima wa umma, kwa kukataza magurudumu, umemrudishia mwindaji kazi waliyoifanya wao. Naona hiyo ni haki. Anayefyatua na abebe.

Basi narudi kwenye ramani. Zile za kipimo cha 1:24,000 huwa na mistari ya kimo inayoachana kwa futi 40, mita 12 hivi. Mistari ikibanana, hapo ni genge. Ikiachana, hapo ni tambarare. Ninachotafuta ni mahali ambapo mistari imebanana, kisha ikaachana kidogo katikati ya mteremko, kisha ikabanana tena. Hapo mlima umejitengenezea kibaraza. Kibaraza hicho kikiwa upande wa kaskazini, chini ya miti mizito ya sprusi, elki hupenda kulala hapo mchana. Jua halimfikii, bonde lote analiona mbele yake, na upepo unaotoka nyuma unamletea harufu ya ajaye. Kama juu yake au pembeni pana uwazi wenye majani, na chini pana chemchemi, basi ana kila anachohitaji ndani ya eneo ambalo mtu hulizunguka asubuhi moja.

Msimu nao una neno lake. Septemba madume hulia, sauti nyembamba ndefu inayopanda na kukatika ghafla, na mwindaji akiufuata mlio humkuta mwenyewe. Mwishoni mwa Oktoba wamenyamaza. Dume amekonda kwa kupigania majike wiki nyingi, sasa anajitenga, anatafuta mahali pa kula na kulala bila kusumbuliwa kabla ya baridi kali. Milio ya bunduki ya msimu wa kwanza imeshampeleka mbali na barabara, mara nyingine hadi kwenye ranchi za watu binafsi ambako leseni yangu haifiki. Kwa hiyo nimeacha kuweka matumaini kwenye mbuga zile pana na nzuri zinazoonekana kutoka barabarani. Nimezunguka kwa penseli vibaraza vidogo vya msituni, vile vinavyochukiza kuvifikia.

Agosti tulikwenda kuvikagua kwa miguu. Kimoja tulikifikia baada ya kupita kichaka cha miti ya aspeni, na magome yake meupe yalikuwa yamejaa makovu meusi kutoka kimo cha goti hadi kimo cha kifua. Ni meno ya elki, wanaoguguna magome hayo wakati wa baridi majani yanapofunikwa. Juu ya kibaraza chenyewe majani yalikuwa yamelala, kila mahali umbo la yai, refu kuliko godoro la mtoto. Nilipiga magoti kwenye mojawapo. Kulikuwa na nywele mbili za rangi ya ngano zilizonasa kwenye kijiti, na harufu nzito ya zizi la ng'ombe, ya leo, haikuwa ya jana. Ndugu yangu aliinua kidole nikanyamaza. Hatukuona kitu. Tulisikia tu tawi moja likivunjika huko chini, kisha jingine, mbali zaidi.

Bonde jingine, lililonivutia kuliko yote kwenye ramani, tulilifuta siku hiyo hiyo. Lilikuwa chini ya barabara. Kulishukia ilikuwa rahisi na majani yake yalitufika kiunoni. Tulipopanda kurudi, kila mmoja akiwa na kilo 25 za maji na mawe kwenye shanta, tulisimama kupumua kila baada ya hatua chache, na hapo hapakuwa na theluji wala giza. Uwanja wa juu wa Flat Tops unakaribia kimo cha kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, iliyo mita 3,720, na kila aliyelala Horombo anajua kifua kinavyodai hewa. Mahali pazuri pa kuwindia ni pale ambapo mzigo unashuka kwenda kwenye gari. Sikuona jambo hili likitiliwa uzito wa kutosha popote niliposoma, na kwangu mimi lina uzito kuliko aina ya risasi.

Upepo unahitaji darasa lake. Nina kichupa cha unga laini mfukoni. Nikikiminya, unga hutoka na kunionyesha hewa inakokwenda. Alfajiri hewa baridi huteremka bondeni. Jua likishaupiga mteremko, hewa hupata joto na kuanza kupanda, na katikati ya mabadiliko hayo kuna kitambo ambacho haina mwelekeo, unga unazunguka tu mbele ya uso. Hewa ikiteremka, mwindaji awe chini ya mnyama. Ikipanda, awe juu yake. Kitambo kile cha katikati, akae kitako asubiri. Elki humsamehe mtu kosa la kuonekana, akisimama kimya. Harufu haisamehe.

Mimi ni Mwislamu, na mpango wangu una sehemu ambayo ofisi ya jimbo haiiulizi. Kitoweo cha kuwinda kimeruhusiwa katika Sura ya Al-Maida, na wanazuoni wamekiwekea masharti. Bismillah hutamkwa wakati wa kufyatua. Ukimkuta bado hai, unamchinja. Hadithi ya sahaba Adi bin Hatim imeingia hadi kwa mnyama aliyepotea baada ya kupigwa: ukimkuta baadaye naye hana alama nyingine ila ya mshale wako, unaweza kumla, ukimkuta amezama majini, muache, maana hujui kilichomuua. Wafuasi wa dini wa karne ya saba walikuwa wakijiuliza swali lile lile ambalo kozi ya uwindaji ya Colorado inalifundisha: una hakika ni wewe uliyemuua, na umefanya nini kumfuata? Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao, wakishampiga mnyama kwa mshale wa sumu, hawamkimbilii. Humpa muda, kisha hufuata damu kwa utulivu. Mnyama aliyejeruhiwa akikimbizwa huenda mbali sana, na kila hatua anayokwenda ni ya maumivu.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo tukiwa bado nyumbani, vichwa vikiwa vimetulia. Sipigi zaidi ya mita 200, kwa sababu huo ndio umbali ambao uwanjani risasi zangu hazijanidanganya. Sipigi mnyama aliyesimama kando ya genge au maji. Ikipita saa tisa alasiri, aliye mwisho wa mpaka wetu wa kilomita 3 tunamuacha aende, kwa sababu nyama inayolala mlimani na ngozi yake huharibika paja likiwa bado na joto, hata nje pakiwa na barafu. Sheria inataka nyama yote inayolika itolewe: miguu minne, minofu ya mgongoni, sarara. Kuiacha porini ni kosa la jinai, na hata lisingekuwa kosa kwa sheria, nisingejua niseme nini mbele ya Yule niliyelitaja jina lake nikifyatua.

Kisha kuna kugawana. Kwetu anayerudi na nyama hagawi kwa hiari, anagawa kwa sababu ndivyo nyama ilivyo, na nyumba za Waswahili wa Aurora tayari zimeshasikia. Hapo nimewaomba majirani subira. Ayala wa Colorado wana ugonjwa wa kukonda unaoharibu ubongo, uliotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwenye kituo cha utafiti cha jimbo hili hili, unaosababishwa na protini iliyojikunja vibaya, ambayo moto wa jikoni hauiui. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, ila wataalamu wa afya wanashauri mnyama aliyepimwa akakutwa nao asiliwe. Kichwa kitapelekwa maabara kwanza. Hadi majibu yarudi, nyama itakaa kwenye friza, na kama ni mbaya itatupwa yote, pamoja na jasho letu. Simlishi mtoto wa mtu nyama nisiyoijua.

Takriban mmoja tu kati ya wawindaji watano wa elki Colorado hurudi na nyama. Kwa mgeni wa mlima nafasi ni ndogo zaidi, na mpango wangu, wenye mipaka yote hii, umeipunguza tena. Nimeridhika nao. Kama tutarudi na shanta tupu, tutakuwa tumekijua kibaraza kimoja vizuri, na hicho ndicho kinachotakiwa kwa mwaka unaofuata.

Nawaandikia hasa wenzangu mlioko Denver, Aurora na Greeley, mnaowakatia watu nyama viwandani mwaka mzima na mnaoitazama milima hiyo kila asubuhi mkidhani ina mwenyewe. Maombi ya leseni hufungwa mapema Aprili. Ofisi ya wanyamapori ya jimbo ina watu ambao kazi yao ni kupokea simu za wanaopanga kuwinda, na huduma hiyo ni bure. Wapigieni, ulizeni barabara zinaishia wapi, ulizeni theluji huanza lini, na jioni hii tieni mchanga kwenye shanta mpande ngazi.